Risasi Dhaifu za Trei ya Sita

Nisikilize wewe ambaye hujawahi kushika bunduki, na huenda hutaki kuishika kamwe. Nitakueleza polepole kama nilivyoelezwa mimi. Ukifika mahali ukajiuliza, "Hiyo ni nini tena?" usione haya. Mimi niliuliza swali hilo mwaka mzima, na niliyemuuliza hakuchoka.

Alikuwa mzee Kalasinga, kama tunavyowaita kwetu Kenya watu wa kilemba, mzaliwa wa Nakuru. Alikuwa na karakana ya kutengeneza bunduki za kale hapa Birmingham, ng'ambo ya barabara kuu ukitoka Newtown, katika mitaa ambayo zamani kila mlango wa pili ulikuwa wa fundi wa mitutu. Sasa milango hiyo ni ya vyumba vya kupanga na maduka ya kahawa. Wa kwake ulikuwa bado wa chuma. Sote tulimwita Fundi.

Nilikutana naye Stechford, katika nyumba ya kulelea wazee nilikokuwa nikifanya kazi. Alikuja kila Jumapili kumwona kaka yake. Siku moja alinisikia nikiongea kwa simu na mama yangu aliyeko Eldoret, akangoja nimalize.

"Habari ya nyumbani, mama?"

"Nzuri, Mzee. Kumbe unajua Kiswahili?"

"Mimi nazaliwa na hiyo. Wewe kule nyumbani nafanya kazi gani?"

Nikamwambia nilikuwa mpima dawa, miaka tisa, hospitalini. Akanitazama mikono.

"Hiyo mkono natetemeka?"

"Haitetemeki, Mzee."

"Basi hapa nafanya nini? Nabeba bibi kwenda choo?"

Nilicheka, lakini usiku huo sikulala vizuri. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyekuwa ameniuliza najua nini. Waliniuliza kama naweza kuinua mgonjwa na kama naweza kuanza Jumatatu. Baada ya miezi ya fomu na ukaguzi wa polisi nikaandikishwa kama mfanyakazi wake, siku tatu kwa wiki; siku tatu nyingine nilibaki Stechford. Aliniita Daktari, kwa utani, kwa sababu ya mizani yangu.

Sasa tulia hapa nikueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa tulivyofadhaika.

Risasi moja ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba. Kitakoni mwa ganda kuna kiwashio kidogo kama kifungo cha shati. Ndani kuna baruti. Juu kabisa kuna kichwa, hiki ndicho kinachoruka. Mtu mwenye kibali anaweza kuyaokota maganda yaliyotumika, akayasafisha, akayajaza upya mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupima baruti, kiasi kile kile kwa kila ganda, punje kwa punje, kama nilivyopima dawa za watoto.

Halafu kuna bunduki inayojipakia yenyewe. Ukifyatua, sehemu ya moshi wenye nguvu hurudishwa kusukuma chuma cha nyuma kinachoitwa bolti. Bolti ikirudi hutupa ganda tupu nje, ikija mbele huchukua risasi nyingine. Yote hayo hutokea kabla hujapepesa jicho. Lakini bolti haina nguvu yake yenyewe. Inakula nguvu ya risasi. Ukiipunja chakula, inafika nusu ya njia na kukwama, na ganda tupu linabaki limebanwa mlangoni kama kidole.

Na sisi tulitakiwa kuipunja chakula. Mteja wetu alikuwa mtunza mkusanyiko wa silaha za kale, mwanamke Mwingereza mpole, mwenye daftari. Alikuwa na bunduki moja ya kujipakia, kuukuu, chuma chake kimechoka. Risasi za nguvu za kawaida zingeweza kuipasua. Alitaka tuitengenezee risasi za nguvu ndogo, iweze kufyatua mara kumi mfululizo bila kukwama, arekodi, wageni wake waone na kusikia ilivyofanya kazi. Ikishindikana, bunduki ingetobolewa mtutu na kuchomelewa bolti, iwe pambo la ukutani.

Hiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya aina yake kwenye daftari la Fundi. Katika nchi hii bunduki za namna hiyo hazishikwi na mtu wa kawaida. Karakana inahitaji ruhusa ya pekee, na ruhusa hiyo hupewa anayeonyesha kuwa ana kazi. Bila kazi hakuna ruhusa, na bila ruhusa Fundi angefunga mlango wa chuma, nami ningerudi Stechford siku zote sita. Wazee wa pale niliwapenda. Ila kwenye karakana ndiko nilikokuwa mtu mwenye ujuzi wake, na nilijua kwamba mlango huo ukifungwa, sitapata mwingine.

Wiki tano tulishindwa.

Tukianza na baruti kidogo, bolti haikusogea hata kidogo. Tukiongeza, ilifika nusu. Tukiongeza tena, risasi nne zilipita vizuri, ya tano ikakwama. Kila mara Fundi alifanya jambo lile lile: mkono wa kulia ulitoka kwenye bunduki, ukavuta mpini wa bolti, ganda likaanguka, risasi nyingine ikaingia, akaendelea. Vuta, endelea. Ilikwama mara nyingi sana hata mkono wake ukaacha kumngoja aamue. Nilimwona akifanya hivyo huku ananisimulia habari za timu ya hoki ya Nakuru.

Kumbuka mkono huo. Ukizoea kosa dogo, mkono hujifunza kulipita bila kukuuliza.

Wiki ya sita, Jumatano, nilijaza trei nne za mwisho: ya tano, ya sita, ya saba na ya nane, risasi ishirini kila moja, kumi za kujaribu na kumi za mteja. Kila trei ilizidi iliyotangulia kidogo sana, kiasi ambacho ningeweza kukipuliza kwa pumzi. Niliandika namba kwenye ukanda wa karatasi nikaubandika kwenye kila trei. Alhamisi nilikuwa na zamu Stechford, kwa hiyo Fundi alizijaribu peke yake kwenye handaki la chini ya karakana. Mteja angekuja Ijumaa, kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji.

Ijumaa asubuhi Fundi alitangulia na bunduki kwenye gari lake. Mimi nilipita karakana kuchukua risasi, nikiwa na jirani yangu wa Alum Rock aliyejitolea kunipeleka. Nikiwa nimesimama mbele ya trei, simu ikalia. Ilikuwa Fundi, na nyuma yake malori yananguruma.

"Daktari! Iko moja napita yote! Kumi kwa kumi, hakuna kukwama!"

Nilishika ukingo wa meza. "Kweli, Fundi?"

"Kweli kabisa. Wewe naleta satt."

"Sita?"

"Satt, satt!"

"Sawa. Sita."

"Haya. Usichelewe, huyu mama ya daftari nakuja mapema kama posta."

Wewe usiyejua Kipunjabi, subiri kidogo. Fundi aliongea Kiswahili cha dukani cha Nakuru, lakini kuhesabu alihesabu kwa lugha ya mama yake, kama watu wengi wanavyofanya. Ik, do, tin, char, panj, chhe, satt. Satt ni saba. Nilikuwa nimemsikia akihesabu hivyo mamia ya mara akiweka maganda kwenye ndoo, na nilikuwa nikimtania kwamba anahesabu kama anayepiga chafya. Nilijua. Asubuhi ile furaha ilinitangulia, nikasikia sita. Tena nikafanya kile nilichofundishwa hospitalini, nikarudia nilichosikia ili athibitishe. Masikio yake, yaliyokaa na bunduki miaka hamsini, yalisikia satt. Kila mmoja alimthibitishia mwenzake kosa lake.

Nilifurahi hata zaidi kwamba ni ya sita wala si ya nane. Nguvu ndogo kwa chuma kizee, nikasema moyoni, ni huruma. Nikatoa risasi kumi zilizobaki kwenye trei ya sita, nikazitia kwenye kijisanduku cha plastiki chenye kufuli, na trei nikaiacha mezani pamoja na namba yake. Kwenye kijisanduku sikuandika kitu. Risasi zote zinafanana kama punje za mahindi. Kwa mtu aliyeandika majina ya dawa kwenye chupa miaka tisa, hilo sijajisamehe.

Uwanjani kulikuwa na baridi kali, nyasi zimekauka kwa barafu. Mteja alikuwa amefika na kamera yake juu ya miguu mitatu. Fundi alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, kilemba chake cha buluu kimekaa vizuri chini ya viziba masikio. Nilimpa kijisanduku. Akaingiza risasi kumi kwenye magazini, kile kikasha cha chuma kinachoilisha bunduki, moja moja, midomo ikihesabu. Mteja akainua kidole gumba. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake la kulia, kama kawaida.

Ya kwanza ilipita. Ganda likaruka, likaanguka kwenye nyasi.

Ya pili ilikwama nusu. Mkono wa Fundi ukatoka, ukavuta, ukarudi.

Ya tatu ikapita. Ya nne ikakwama. Vuta, endelea. Nilimwona mteja akiandika kitu kwenye daftari, na nikaanza kuomba, si kwa maneno, kwa kukaza tu meno. Tafadhali, sita zilizobaki. Hata hivyo nilijua tayari kwamba tumeshindwa. Kumi mfululizo zilikuwa zimekwisha kwenye ya pili.

Ya tano haikulia.

Nisikilize vizuri hapa. Si kwamba haikuwaka. Ilitoa mlio, lakini mdogo, kama kizibo cha chupa ya soda ya jana. Pff. Bunduki haikupiga bega. Shabaha ilibaki kama ilivyokuwa. Bolti haikusogea.

Kwa Fundi, aliyekuwa na viziba juu ya masikio mabovu, ilikuwa ni kukwama kwingine tu. Aliona bolti imetulia, jambo ambalo alikuwa ameliona labda mara mia katika wiki sita. Mkono ukatoka.

Mimi nilikuwa nimesoma habari za mlio huo kwenye kitabu chake mwenyewe, alichonipa mwezi wa kwanza akiniambia nisishike kitu kabla sijakimaliza. Baruti ikiwa kidogo mno, na hasa siku ya baridi, kichwa cha risasi kinaweza kutoka kwenye ganda na kufia ndani ya mtutu. Kinabaki pale kama tonge kooni. Ukivuta bolti, ganda tupu linatoka na risasi mpya inaingia bila shida. Ukifyatua, ya nyuma inaigonga ya mbele, moshi unakosa pa kupitia, na chuma kinapasuka karibu na uso wako.

Mkono wake ulishavuta. Ganda lilishaanguka. Risasi ya sita ilishaingia. Kidole kilikuwa kinarudi kwenye triga, kile kichuma cha kufyatulia.

Nilipiga kelele, na najua nilisema "Fundi!" lakini kelele haikuwa na maana yoyote kwake. Nikamwangukia. Sina neno la heshima la kueleza nilichofanya. Niliangusha magoti yangu yote mawili mgongoni kwa mzee wa miaka sabini na minne, nikanyoosha mkono, nikaung'oa mkono wake kwenye triga kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Mteja alisema kitu kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu. Fundi alibaki amelala, mtutu bado umeelekea kwenye shabaha, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Baridi ilikuwa inapenya magotini.

"Daktari," akasema mwishoni, kwa hasira, "wewe nataka kuvunja mimi?"

Nilimtoa kiziba kimoja. "Fundi, ya tano haikutoka. Iko ndani."

"Nani nasema?"

"Nimesikia. Ilikuwa ndogo."

"Hapana. Nakwama tu. Kama zile zingine."

"Haikukwama. Fundi, nakuomba. Toa magazini, utazame. Nikiwa nimekosea, nifukuze leo."

Akatoa magazini, akafungua bolti, risasi ya sita ikaanguka nzima. Alinyoosha mkono bila kunitazama, nikampa ufito mrefu wa shaba. Akauingiza kwenye mtutu kutoka mbele. Ufito uliingia, ukaingia, kisha ukagota. Ulikuwa umebakiza upana wa kiganja kufika mwisho.

Aligonga ule ufito polepole kwa nyundo ya mbao, tuk, tuk, tuk, mpaka kichwa cha risasi kikadondokea kwenye mkeka upande wa nyuma. Alikiokota. Kilikuwa na mikwaruzo ubavuni. Akakigeuza mbele ya macho yake.

"Hii si ile ya jana," akasema.

"Ni trei ya sita, Fundi. Ulivyosema."

"Mimi nasema satt."

Nililiona kosa likija, nikaliona na yeye likimfikia, na nikatamani ardhi ile iliyoganda inipokee. Nikaanza kusema yote kwa pamoja: kwamba ni mimi, kwamba sikuandika namba kwenye kijisanduku, kwamba trei ya saba iko mezani, kumi zake zimebaki, tunaweza kurudi kuichukua, ni saa moja tu kwenda na kurudi. Nikamgeukia mteja, nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu cha woga. Na yule mwanamke, Mungu ambariki, alielewa. Alisema hana haraka. Alisema anaweza hata kuja tena wiki ijayo. Alifunga daftari lake kuonyesha kwamba kilichoandikwa leo hakina uzito.

Nilimshika Fundi mkono. "Umesikia? Anatungoja. Twende tukachukue saba."

Alikuwa bado anakitazama kile kichwa cha risasi.

"Wewe nasikia hiyo sauti?" akaniuliza.

"Nilisikia."

"Huyu mama nasikia?"

Nilimuuliza mteja. Alisema ndiyo, hata yeye, asiyejua bunduki, alishangaa mlio kuwa mdogo.

"Mimi sikusikia," akasema Fundi. "Kwa simu sikusikia. Hapa sikusikia. Sasa nani nashika bunduki? Kiziwi?"

"Nitakuwa masikio yako. Nitasimama hapo hapo kila siku."

"Na siku wewe iko Stechford?"

Niliomba, sikufichi. Nilimwambia habari ya ruhusa, kana kwamba haijui. Nilimwambia habari ya mlango wa chuma. Mwisho, jambo ninalolionea aibu, nilimwambia habari yangu mwenyewe: kwamba nikirudi kule siku sita kwa wiki, mikono hii itasahau. Alinisikiliza yote, ameinamisha kichwa, sikio lake lenye nafuu kidogo likiwa upande wangu, na alinisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa napiga kelele.

Kisha akampa yule mteja bunduki yake kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mtoto wake aliyelala, akamwambia kwa Kiingereza safi ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kinywani mwake kwamba anamshukuru, na kwamba karakana haitafanya kazi hii tena.

Ruhusa aliirudisha kabla haijaisha. Trei ya saba tuliivunja pamoja, risasi moja moja, baruti tukaitoa. Zilikuwa sawasawa. Nilizipima tena moja moja na hakuna iliyozidi mwenzake. Sijui kwa nini nilitaka kujua.

Sasa niko Stechford siku sita. Fundi huja Jumapili kumwona kaka yake, amevaa vifaa vipya masikioni, na hulalamika kwamba sasa anasikia hata vijiko. Hatuongelei kazi. Jumamosi mbili kwa mwezi klabu moja ya shabaha hunikaribisha niwafundishe wanaoanza, mlangoni kabisa, kabla hawajakabidhiwa chochote. Wananitarajia nianze na kulenga. Mimi huanza na sauti, na huwaambia neno hili mara tatu, mpaka wengine wanacheka. Nakuambia na wewe, bure, hata kama hutashika bunduki maishani, maana huenda siku moja utasimama nyuma ya anayeishika.

Ukisikia mlio mdogo kuliko uliotangulia, usivute bolti na usifyatue tena: acha mtutu uelekee kwenye shabaha, toa kidole kwenye triga, hesabu polepole mpaka sitini, toa magazini, toa kilichomo ndani, kisha pitisha ufito kwenye mtutu mpaka utokee upande wa pili.